TUIJUE DUNIA: Wilaya ya Chornobyl Iliyofutwa Katika Ramani



Ukurasa huu huwachukueni mpaka nchi za mbali, ili vijana wetu wajue jinsi ardhi ya Mwenyezi Mungu ilivyo pana, na jinsi watu walivyojengea maisha yao kila mahali, penye joto na penye theluji, penye rutuba na penye mchanga. Mwezi huu tumechagua kuzungumza juu ya mahali ambapo mtu akipatafuta katika ramani ya leo hatapaona pameandikwa. Hapo ndipo palipokuwa wilaya ya Chornobyl, katika mkoa wa Kyiv, kaskazini ya nchi ya Ukraine. Wilaya hii ilianzishwa mwaka wa 1923, ikafutwa mwaka wa 1988. Iliishi miaka sitini na mitano tu, nayo si zaidi ya umri wa mtu mmoja.

Jina la Chornobyl wengi wenu mmelisikia, lakini mmelisikia kwa sababu ya msiba mmoja uliotokea usiku mmoja. Kwa hivyo watu wengi hudhani kwamba kabla ya usiku ule pale hapakuwa na kitu ila mtambo na moshi. Sivyo hata kidogo. Palikuwa na mji wenye umri wa karne nane, palikuwa na vijiji vyenye visima na mizinga ya nyuki, na palikuwa na makaburi ya mababu. Twaona ni haki ya watu wale kwamba khabari yao isimuliwe tangu mwanzo wake, wala isianzwe mwishoni.

ARDHI NA MAJI YAKE

Kaskazini ya Ukraine, kukaribia mpaka wa Belarusi, kuna nchi tambarare iitwayo Polissia, yaani nchi ya misitu. Ardhi yake haifanani na ile ardhi nyeusi ya kusini, ambayo kwa ngano yake Ukraine ilipata sifa duniani. Ya Polissia ni mchanga, na pasipo na mchanga pana kinamasi. Miti yake mikubwa ni misonobari, mialoni na miti ya beji yenye magome meupe. Wakati wa baridi mito huganda hata watu wakaweza kupita juu yake. Na theluji inapoyeyuka, maji hufurika na kuyafunika malisho ya pembeni.

Mto mkubwa wa wilaya hii ni Pripyat. Unatoka magharibi, unapita katikati ya vinamasi, na kisha unaingia katika mto Dnipro, ambao ndio mama wa mito ya Ukraine. Mji wa Chornobyl umejengwa juu ya ukingo wa Pripyat, karibu na pale mto mdogo uitwao Uzh unapomwaga maji yake. Katikati ya miaka ya 1960 Serikali ilijenga ukuta mkubwa kuuzuia mto Dnipro kaskazini ya mji wa Kyiv, ili kupata umeme. Nyuma ya ukuta huo likatanda ziwa refu mpaka kuifikia ardhi ya wilaya hii, na watu wakalizoea hata wakaliita bahari ya Kyiv.

Katika nchi kama hii mkulima hapati utajiri, lakini hafi njaa akiachwa na amani yake. Wenyeji walilima viazi, shayiri nyeusi na katani za kitani, ambazo wanawake walizisokota na kufuma nguo na mataulo yenye nakshi nyekundu. Walifuga ng'ombe wa maziwa. Walivua samaki. Majira ya joto yakiisha, watoto na bibi zao waliingia msituni kuchuma matunda ya porini na uyoga, wakaukausha uyoga kwa ajili ya miezi ya baridi. Nyumba zao zilijengwa kwa magogo, zikawa na jiko kubwa la udongo katikati, na juu ya jiko hilo wazee walilala usiku wa baridi.

Tunakuombeni myakumbuke mambo matatu kati ya hayo: maziwa, uyoga na matunda ya porini. Tutayarudia mbele.

MJI WA KALE NA WATU WAKE

Jina lenyewe Chornobyl ni jina la mmea. Ni mmea mchungu wenye kikonyo cheusi, wa jamii moja na pakanga, ile dawa ambayo bibi zetu huwatengenezea watoto wenye homa. Mji huo umetajwa kwa mara ya kwanza katika khabari za kale za mwaka wa 1193, wakati palipokuwa mahali pa kuwindia pa wana wa wafalme wa Kyiv. Tangu hapo haukuacha kupita katika mikono ya watawala. Ulikuwa wa dola ya Lithuania; kisha mwaka wa 1569 ukawa chini ya ufalme wa Poland; tena mwaka wa 1793 Poland ilipogawanywa na majirani zake, mji ukachukuliwa na Urusi.

Wenyeji hawakuwa wa kabila moja. Waliokaa vijijini wengi wao walikuwa Waukraine, Wakristo wa madhehebu ya Kiorthodoksi. Walikuwako Wapoland, ambao walikuwa Wakatoliki. Na ndani ya mji wenyewe Wayahudi walikuwa wengi. Mwishoni mwa karne ya 19 walizidi nusu ya watu wote wa mji. Chornobyl ulijulikana mno kwa Wayahudi wa Ulaya ya mashariki, kwa kuwa hapo ndipo alipokaa mwanachuoni wao Menachem Nachum Twersky, aliyefariki mwaka wa 1797, na kizazi chake kikaendelea kuwa na wafuasi wengi mpaka nchi za mbali.

Basi jamii hizi ziliishi pamoja muda wa karne nyingi, mara kwa wema na mara kwa ugomvi, kama majirani wanavyoishi. Lakini karne ya 20 haikuwahurumia. Baada ya dola ya Kaizari wa Urusi kuanguka, majeshi mbalimbali yalipigania nchi hii, mwishowe Ukraine ikatiwa katika Umoja wa Kisovieti. Mwaka wa 1923 wilaya ya Chornobyl ikaundwa. Katika miaka ya 1932 na 1933 Serikali ya Stalin iliwanyang'anya wakulima nafaka zao, na Waukraine mamilioni wakafa kwa njaa katika nchi iliyo ghala la ngano. Mwaka wa 1936 Wapoland wa sehemu hizi walihamishwa kwa nguvu mpaka Kazakhstan, katika nyika za Asia. Kisha mwaka wa 1941 majeshi ya Ujerumani ya Hitler yakaingia, yakakaa mpaka mwaka wa 1943, na Wayahudi wa mji ambao hawakuwahi kukimbia wakauawa. Vita ilipokwisha, mji uliokuwa na jamii tatu ulikuwa umebaki karibu na moja tu.

Tumeyapita mambo haya kwa haraka, si kwa kuwa ni madogo, bali ili ieleweke kwamba msiba wa mwaka wa 1986 haukuwakuta watu wasiojua kuhamishwa. Wazee wa wilaya hii walikwisha kuona njaa, uhamisho na vita. Walipoambiwa tena watoke, walijua maana yake kuliko vijana.

MTAMBO WAJA KIJIJINI

Katika miaka ya 1960 Serikali ya Kisovieti ilikuwa ikitafuta mahali pa kujenga mtambo wa kwanza wa nyuklia katika Ukraine. Ikachagua mahali karibu na kijiji cha Kopachi katika wilaya hii. Sababu zake zaeleweka kwa urahisi. Ardhi ya pale ilikuwa ya mchanga, haina mavuno makubwa. Reli ilikuwa inapita karibu. Na mto Pripyat ulikuwa na maji ya kutosha kupoza mitambo. Ilionekana kwamba mahali pasipo na faida kubwa kwa mkulima panafaa kwa mhandisi.

Kazi ilianza mwaka wa 1970. Mwaka huo huo, kilomita tatu hivi kutoka mtamboni, ulianzishwa mji mpya kwa ajili ya wafanyakazi, nao ukapewa jina la mto, yaani Pripyat. Ingawa ulijengwa juu ya ardhi hii, ulikuja kuwa na utawala wake wenyewe mbali na ule wa wilaya. Mji wa kale wa Chornobyl ulibaki kilomita kumi na tano hivi kusini-mashariki, na watu wake wapatao 14,000, na bandari yake ya mtoni, na bustani zake za miti ya tofaa. Pripyat, kinyume chake, ulikuwa mji wa maghorofa na vijana. Mpaka mwaka wa 1986 ulikuwa na watu karibu 50,000, na watoto wengi mno. Maduka yake yalikuwa na vitu visivyopatikana vijijini, na vijana wa wilaya walipenda kwenda kufanya kazi huko.

Kinu cha kwanza kilianza kutoa umeme mwaka wa 1977, cha pili mwaka wa 1978, cha tatu mwaka wa 1981 na cha nne mwaka wa 1983. Kila kimoja kilikuwa na nguvu ya megawati 1,000 za umeme. Vinu viwili vingine vilikuwa vikijengwa. Yaani wilaya ya wachuma uyoga ilikuwa imekuwa mojawapo wa mahali penye umeme mwingi katika Ulaya nzima.

USIKU WA TAREHE 26 APRILI

Sasa tuwaeleze vijana wetu jinsi mambo yalivyokuwa, maana wengi husema bila ya kujua.

Kinu cha nyuklia ni jiko la kuchemsha maji. Badala ya kuni kuna madini ya urani, ambayo chembe zake zikipasuka hutoa joto kubwa. Joto huchemsha maji, na mvuke wake huzungusha mashine za umeme. Moto huu hauzimwi kwa maji kama moto wa kuni. Unadhibitiwa kwa fito zinazotelemshwa ndani ya kinu, zikiingia, kazi hupungua, zikitolewa, huongezeka.

Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 26 Aprili 1986, wafanyakazi wa kinu cha nne walikuwa wakifanya jaribio. Walitaka kujua kama mashine za umeme, baada ya kukatiwa mvuke, zaweza kuendelea kuzunguka kwa muda wa kutosha kuendesha pampu za maji. Jaribio hilo lilikuwa lifanywe mchana, likacheleweshwa kwa saa nyingi kwa sababu mji wa Kyiv ulihitaji umeme, likaangukia zamu ya usiku isiyojitayarisha. Nguvu ya kinu ikashuka kupita kiasi. Ili kuipandisha, fito karibu zote zikatolewa. Kinu cha namna ile kina kasoro ya umbo: maji yakigeuka mvuke ndani yake, moto huzidi badala ya kupungua. Tena fito zenyewe zilikuwa na ncha za grafiti, hata zikianza kushuka huongeza nguvu kwanza kabla ya kuipunguza. Kasoro hizi wakubwa wa elimu hiyo walikuwa na khabari nazo, lakini wale waliokuwa zamu hawakuelezwa sawasawa. Saa saba na dakika ishirini na tatu usiku walibonyeza kitufe cha kuzima, na kitufe kilichokusudiwa kuokoa ndicho kilichomalizia. Kinu kikapasuka, paa likaruka, na ndani yake pakabaki shimo linalowaka.

Wazima moto wa kwanza kufika waliongozwa na Luteni Volodymyr Pravyk. Yeye alikuwa mtoto wa wilaya hii, alizaliwa katika mji wa Chornobyl mwaka wa 1962. Kijana wa miaka ishirini na mitatu alipanda juu ya mapaa pamoja na wenzake, wakazima moto uliokuwa ukielekea kinu cha tatu, wala hawakuwa na nguo za kuwakinga na mionzi. Kabla ya jua kupanda juu walikuwa wameuzima moto wa nje. Pravyk alifariki hospitalini Moscow tarehe 11 Mei 1986, na mwenzake Viktor Kibenok alifariki siku hiyo hiyo. Wafanyakazi wawili wa mtambo walikuwa wamekufa usiku ule ule, na mmoja wao, Valery Khodemchuk, maiti yake haikuonekana mpaka leo. Katika watu 134 waliopata ugonjwa mkali wa mionzi, 28 walikufa katika miezi iliyofuata.

KIMYA NA KIKOMBE CHA MAZIWA

Wasomaji wetu, hapa ndipo tunapotaka mtutegee sikio zaidi, khasa nyinyi wazazi.

Asubuhi ya Jumamosi ile watoto wa Pripyat walikwenda shule. Akina mama walitoka na watoto wachanga kuota jua, kwa kuwa siku ilikuwa nzuri. Hapana aliyewaambia. Mji ulihamishwa siku ya pili, Jumapili tarehe 27 Aprili, alasiri, kwa mabasi zaidi ya elfu moja, na watu wakaambiwa wachukue hati zao na chakula kidogo, kwamba ni kwa siku chache. Tarehe 28 Aprili wafanyakazi wa mtambo wa Forsmark katika nchi ya Sweden walikuta mionzi juu ya viatu vyao, wakajua kwamba kuna jambo limetokea mahali. Ndipo jioni ile Moscow ikatoa tangazo fupi mno. Tarehe 1 Mei maandamano ya sikukuu yalifanywa katika barabara za Kyiv, na watoto wakiwa ndani yake.

Na vijijini? Mji wa Pripyat ulikuwa umekwisha kuondolewa, lakini watu wa mji wa Chornobyl na wa vijiji vingi vya wilaya walikuwa bado wako makwao. Amri ya kuhamisha sehemu yote ya kilomita 30 ilitolewa tarehe 2 Mei, nao wakatolewa katika siku zilizofuata. Wiki nzima walikuwa wamepanda viazi, maana ndio majira yake, wamekamua ng'ombe, na watoto wamekunywa maziwa.

Jambo la maziwa ni hili. Katika vitu vilivyoruka kutoka kinuni, mojawapo ni iodini yenye mionzi. Huanguka juu ya majani, ng'ombe huyala, na kwa muda mfupi iodini ile iko katika maziwa. Mwanadamu akiyanywa, iodini huenda moja kwa moja katika tezi ya shingoni, na tezi ya mtoto ni ndogo, kwa hivyo hupata sehemu kubwa zaidi. Lakini sumu hii ina udhaifu wake: kila siku nane nusu yake hupotea. Mtu akiacha maziwa kwa miezi miwili mitatu, khatari hiyo imekwisha. Dawa yake basi ilikuwa neno moja tu: msiwape watoto maziwa. Neno hilo halikuhitaji mashine wala fedha. Lilihitaji mtu wa kulisema kwa wakati wake.

Tuangalie jirani yao Poland. Huko madaktari walipojua khabari, Serikali yao, ingawa nayo ilikuwa chini ya kivuli cha Moscow, ilianza tarehe 29 Aprili kuwagawia watoto dawa ya iodini safi, ili tezi zao zishibe na zisipokee ile yenye sumu. Watoto wapatao milioni kumi walinyweshwa kwa siku chache. Lakini katika Ukraine, Belarusi na sehemu za Urusi zilizopata vumbi lile, mpaka mwaka wa 2005 watu zaidi ya 6,000 waliokuwa watoto au vijana wakati wa msiba walikuwa wameonekana na saratani ya tezi, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakasema kwamba sehemu kubwa yake imetokana na maziwa yale. Kwa bahati njema ugonjwa huo hutibika, nao waliokufa kwao hadi wakati huo walikuwa 15. Hata hivyo, maelfu ya watoto wamebaki na kovu shingoni na vidonge vya kumeza maisha yao yote.

Juu ya hesabu ya wote waliokufa au watakaokufa kwa msiba huu, wataalamu wamekhitilafiana. Kikao cha mashirika ya Umoja wa Mataifa cha mwaka wa 2005 kilikadiria kwamba katika wale waliopata mionzi mingi zaidi, vifo huenda vikafika 4,000. Wengine wametaja hesabu kubwa zaidi. Sisi hatutaki kuzidisha wala kupunguza. Lakini kikao kile kile kilisema jambo ambalo magazeti hayakulishughulikia sana, nalo ni kwamba madhara yaliyowaenea watu wengi kuliko yote yalikuwa ya moyoni: khofu, huzuni ya kupoteza makwao, na kujiona kuwa ni watu waliokwisha kuhukumiwa kufa. Waliohamishwa walikuta mahali pengine watoto wao wakikimbiwa na wenzao shuleni. Na ambaye amedanganywa mara moja hasadiki tena hata akiambiwa kweli. Hata walipoambiwa baadaye kwamba mahali fulani ni salama, hawakuamini.

WILAYA YAZIKWA

Katika mwaka ule wa 1986 watu wapatao 116,000 walihamishwa kutoka sehemu ya kilomita 30, na wengine zaidi ya 200,000 wakahamishwa katika miaka iliyofuata kutoka Ukraine, Belarusi na Urusi. Watu wapatao laki sita waliitwa kutoka pembe zote za Umoja wa Kisovieti kuja kusafisha; wakiwamo Waislamu wa Uzbekistan, Kazakhstan, Azerbaijan na nchi za Watatari. Wengine walifagia grafiti juu ya mapaa kwa sepetu, kila mmoja kwa dakika moja au mbili, kisha akapokewa na mwingine. Mwezi wa Novemba 1986 kinu kilikuwa kimekwisha kufunikwa kwa jengo la chuma na zege.

Kijiji cha Kopachi, kilichoupokea mtambo, kilivunjwa na nyumba zake zikazikwa katika mashimo, kila moja mahali pake. Msitu wa misonobari ulio karibu ulikufa ukawa mwekundu kama kutu, nao ukakatwa na kufukiwa. Wafanyakazi wa mtambo walijengewa mji mwingine, Slavutych, ng'ambo ya mto Dnipro. Mafundi wa jamhuri nane waliujenga, na mtaa mmoja wapo uliitwa Baku, kwa jina la mji mkuu wa Azerbaijan. Hatimaye, mwezi wa Novemba 1988, wilaya ya Chornobyl ikafutwa na ardhi yake ikaunganishwa na wilaya ya Ivankiv. Na mwaka wa 2020, Ukraine ilipopunguza idadi ya wilaya zake, Ivankiv nayo ikafutwa, ikatiwa katika wilaya ya Vyshhorod. Kwa hivyo hata ile iliyoirithi haiko.

Vinu vilivyobaki, jambo la kustaajabisha, viliendelea kufanya kazi. Cha mwisho kilizimwa tarehe 15 Desemba 2000. Mwaka wa 2016 paa jipya la chuma lenye umbo la tao, urefu wake kwenda juu mita 108, lilisukumwa juu ya reli mpaka likakifunika kinu cha nne. Tarehe 24 Februari 2022 majeshi ya Urusi yalipoivamia Ukraine yaliuteka mtambo huu siku ya kwanza, na wafanyakazi waliokuwa zamu wakazuiliwa kazini zaidi ya wiki tatu bila ya kupokewa. Majeshi yaliondoka mwisho wa mwezi wa Machi. Na tarehe 14 Februari 2025 ndege isiyo na rubani ililipiga lile paa jipya na kulitoboa. Mwanadamu hajashiba kuuchokoza moto huu.

WALIORUDI

Walakini, walikuwako waliokataa kusahau. Katika mwaka wa 1987 watu wapatao 1,200, wengi wao wazee na khasa wanawake, walikuwa wamekwisha kurudi katika vijiji vyao kupitia msituni, wakijificha na askari. Wakafungua nyumba zao, wakapanda viazi vyao, wakachuma uyoga wao. Mwishowe wakubwa waliwaacha. Wengi wao wamekwisha kufariki, nao wamezikwa pembeni ya waume zao na mama zao, jambo ambalo ndilo walilolirudia.

Misituni wanyama wameongezeka kwa kuwa wawindaji hawako: mbwamwitu, kulungu, nguruwe wa mwitu, na farasi wa mwitu wa asili ya Mongolia walioletwa mwaka wa 1998. Mwaka wa 2016 sehemu kubwa ya ardhi ile ilifanywa hifadhi. Lakini sumu nyingine, iitwayo sesiamu, nusu yake hupotea kwa miaka thelathini, wala si kwa siku nane. Nayo hukaa khasa katika uyoga na matunda ya porini. Vile vile vitu ambavyo bibi na mjukuu walivichuma kwa furaha, leo havifai kuchumwa.

Kabla ya vita vya mwaka wa 2022, kila mwaka, katika siku za kuwakumbuka wafu baada ya Pasaka yao, waliohamishwa waliruhusiwa kuingia kuzuru makaburi. Walikuja na watoto na wajukuu waliozaliwa mbali, wakafyeka majani, wakawaonyesha: hapa ni babu yako, pale palikuwa na kisima. Na katika mji wa Chornobyl pana njia iliyopangwa vibao vyenye majina ya vijiji vilivyotoweka, kibao baada ya kibao. Mtu mwenye kupita huweza kuyasoma yote.

LA KUSHIKA

Vijana wetu, katika khabari hii yote hatutaki mshike kwamba elimu ya nyuklia ni laana. Elimu hiyo hiyo inawatibu wagonjwa wa saratani mahospitalini. Mtakalolishika ni jambo lililo karibu nanyi zaidi. Waliojua kasoro za kinu walinyamaza ili wasiudhi wakubwa. Wakubwa walinyamaza ili wasivunjiwe heshima. Na mwisho wa safu ile ndefu ya walionyamaza alikuwako mtoto wa kijijini, mkononi mwake kikombe cha maziwa.

Khabari ya khatari ni amana ya yule atakayedhurika nayo, si mali ya yule aliyeijua kwanza. Fundi aliyeona ufa katika ukuta wa chuo, mwuza duka aliyejua kwamba unga umeingia sumu, dereva ajuaye kwamba breki hazishiki, mzazi ajuaye kwamba kisima kimeharibika: kila mmoja wao ana neno lenye wakati wake. Neno hilo likisemwa leo huokoa; likisemwa wiki ijayo huwa ni taazia.

Na nyinyi wazee, msichoke kuwaonyesha watoto wenu mahali mlipotoka, kijiji hata kama kimehamwa, kaburi hata kama limefunikwa na majani. Serikali yaweza kuifuta wilaya kwa karatasi moja. Jina la kijiji halifutiki maadamu yuko mtu wa kumwambia mwanawe.

Mwezi ujao, inshallah, tutawachukueni mpaka bahari ya Aral, iliyokuwa na mawimbi na wavuvi, na leo sehemu yake kubwa ni jangwa la chumvi.